Sukari Taipu Tu

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Asubuhi hiyo Bwera, mji wa mpakani mwa Uganda, iliamka na manyunyu mepesi, yasiyotosha hata kulaza vumbi la sokoni. Milima ilikuwa imejifunika ukungu mpaka kiunoni, na ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, jua lilikuwa limekwisha chomoza kana kwamba kule ni siku nyingine.

Kezironi aliitazama mbingu, akamshukuru Mungu kwa mvua isiyodhuru chumvi, kisha akavua viatu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka thelathini. Wafanyabiashara wengine wa chumvi huichukua chembe wakaisugua kwa vidole, au wakailamba na kukunja uso. Kezironi aliikanyaga. Gunia likifika kutoka Kabatoro, kando ya ziwa la chumvi la Katwe, alimwaga chumvi juu ya turubai mbele ya banda lake, akapanda juu peku, akatembea taratibu akiwa amefumba macho kama mtu anayesali. Chumvi ya namba moja, alisema, inauma. Chembe zake ni kubwa na kali, zinauchoma unyayo. Hiyo ni ya watu. Namba mbili ni laini, ina matope ndani yake, haiumi. Hiyo ni ya ng'ombe. Watu walikuja kutoka mbali kununua chumvi iliyokanyagwa na Kezironi, na yeyote aliyeuliza habari za usafi aliambiwa kwamba hakuna mdudu anayeweza kuishi ndani ya chumvi, hata awe ametoka mguuni.

Asubuhi hiyo alitembea juu ya turubai mara tatu. Akafumbua macho.

"Namba mbili."

Martine, mfanyabiashara kutoka Butembo, Kongo, aliyekuwa mteja wake kwa miaka mingi, alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda akinywa chai. Aliweka kikombe chini.

"Papa Kezironi, namba mbili wapi? Angalia mbegu yake! Iko kubwa sawa meno ya mutoto."

"Haiumi."

"Ni miguu yako ndiyo haiumi. Mwezi uliopita ulisema namba mbili, mwezi wa nyuma yake namba mbili. Sasa ziwa yote ya Katwe imekuwa ya ng'ombe?"

"Ziwa limechoka, Mama Martine. Hata mimi nasikitika."

Kweli alisikitika. Tangu Krismasi alikuwa hajapata chumvi inayouma. Zedekia, mchimbaji aliyemuuzia tangu ujana wao, alikuwa ameapa kwamba chumvi yake haijabadilika, mwishoni akakasirika na kumwambia atafute ziwa lingine. Kezironi alimsamehe. Alijua ni vigumu mtu kukubali kwamba kazi yake imeshuka.

Akashuka kwenye turubai. Martine akainuka ghafla.

"Yesu wangu! Papa, chumvi yako inatoka damu!"

Kezironi akageuka. Juu ya chumvi nyeupe kulikuwa na alama za unyayo, nyekundu, moja baada ya nyingine, zikizunguka turubai mara tatu.

"Dereva!" alimwita kwa hasira mtu aliyeleta magunia kwa gari. "Gari hili jana lilibeba nyama?"

Dereva akala kiapo kwamba halikubeba nyama. Mtu yeyote mwenye kidonda akikanyaga chumvi huruka juu na kuwaita mama zake wote. Kezironi alikuwa amesimama wima, kidonda chake kikiwa kimejaa chumvi, anauliza habari za nyama. Ilibidi Martine amshike bega, amkalishe kwenye kreti na kuuinua mguu wake wa kulia kama mtu anayekagua kwato. Chini ya kidole gumba palikuwa na tundu la ukubwa wa kitufe, na kando yake ngozi imegeuka rangi ya bilinganya.

"Hii iko hapa tangu lini?"

"Nini?"

"Shimo!"

Kezironi aliinama kadiri tumbo lilivyomruhusu, akautazama unyayo wake kama mtu anayeoneshwa picha ya mgeni.

"Sijui," alisema. Halafu, kwa sababu alikuwa mtu wa imani na hakupenda kukosa neno la kumtukuza Mungu, aliongeza: "Lakini unaona? Sisikii maumivu yoyote. Bwana ametenda."

Hapo inafaa kusema Bwana alikuwa ametenda nini, kwa hesabu ya Kezironi.

Miaka miwili kabla ya hapo alishikwa na kiu isiyoisha. Alikunywa maji mtungi mzima, akakojoa mtungi mzima, akakonda mpaka suruali ikahitaji kamba. Akaenda Kasese, kwenye kliniki moja karibu na barabara kuu, akapimwa damu. Kijana aliyempokea alizungumza kwa haraka, Kiswahili kidogo, Kiingereza kidogo. Akamwambia: "Mzee, una sukari. Lakini usiogope, ni taipu tu. Ukimeza dawa, ukipunguza chakula, ukatembea, utaishi vizuri."

Ni taipu tu. Kezironi alirudi Bwera akiwa mwepesi kama mtu aliyefutiwa kesi. Watu husema ni mafua tu, ni uchovu tu, ni mbu tu. Yeye alikuwa na sukari, ndiyo, lakini si sukari yenyewe ile inayoua watu. Ilikuwa ni taipu tu. Alimweleza hivyo mkewe Bulandina, akawaeleza majirani, na mtu mmoja mwenye sukari alipokufa pale mjini alitoa pole za dhati kabisa, kama tajiri anayemhurumia maskini.

Vidonge alivimeza mwezi mzima. Vilipoisha alijisikia vizuri, akaona vimemaliza kazi yao. Sukari ya kwenye chai aliiacha siku hiyohiyo aliyopimwa, akawa anatia chumvi, na alilitangaza jambo hilo kila alipokaribishwa. Kilima chake cha bundu, ule ugali wa muhogo, kilibaki na kimo kilekile, maana bundu si tamu. Soda alikunywa siku za soko tu, kwa ajili ya kiu. Siku za soko zilikuwa mbili kwa juma, na kila moja ilikuwa na kiu tatu.

Mwaka wa kwanza miguu iliwaka moto jioni, kama imesimama juu ya siafu. Kezironi alifunga na kusali. Alisali novena tatu. Na kweli, polepole, moto ule ukazimika. Kufikia sikukuu ya Krismasi hakusikia kitu. Aliweza kukanyaga changarawe, akakanyaga kaa la moto lililoruka jikoni bila kujua, na mkewe ndiye aliyelisikia, kwa pua. Akamwendea Kathembo, mwenyekiti wa jumuiya yao, akasema ana ushuhuda wa uponyaji. Kathembo alipanga usomwe Jumapili ya Pentekoste, yaani siku tano kutoka asubuhi ile ya manyunyu.

Martine hakungoja Pentekoste. Alimtuma dereva kumwita Bulandina, na kwa sauti yake iliyozoea kuuza vitu ng'ambo ya mto alimwita pia mdogo wake, Yvette, aliyekuwa akishona nguo banda la tatu. Yvette alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Tangu akiwa na miaka tisa alijidunga sindano ya insulini kila siku, na sokoni kote alijulikana kama yule dada wa sukari.

Bulandina alifika akihema, na daftari lake la madarasa ya jioni bado liko kwapani. Aliuona mguu. Hakupiga kelele. Aliketi chini akauweka mguu ule mapajani mwake.

"Baba Jonan, twende Kasese."

"Kwa tundu dogo? Mama Jonan, mimi sina ile sukari. Mimi yangu ni taipu tu, nimekwambia mara ngapi?"

Bulandina akalifungua daftari, ukurasa uliokunjwa kona, akapitisha kidole.

"Kijana yule alisema taipu tu?"

"Taipu tu. Kwa mdomo wake."

"Wani," Bulandina alisoma. "Tu. Suri." Akainua macho. "Baba Jonan, tu ni mbili. Kwa Kiingereza. Tulifundishwa Alhamisi."

Dereva alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake, akaacha.

Kezironi alitafuna habari hiyo. Miaka miwili aliyoishi kwa neno moja ilikuwa inageuka ndani ya kinywa chake. Lakini mtu aliyekaa sokoni miaka thelathini hakosi njia ya kutokea.

"Basi," alisema, uso ukikunjuka, "ni namba mbili! Si afadhali? Namba moja ndiyo kali. Namba mbili ni ile laini, ile ya ng'ombe. Haiumi." Akamgeukia Yvette kwa huruma. "Mwanangu, wewe pole. Wewe ndiye una namba moja."

Yvette alikuwa bado ana sindano ya kushonea imechomekwa kwenye ukosi wa blauzi yake.

"Papa, hii haiko chumvi. Haina grade."

"Kila kitu kina namba yake."

"Sikiliza, Papa. Mimi, mwili yangu haitengenezi insulini hata kidogo. Ilianza niko mutoto, haikutoka kwa kula bonbon. Nikikosa sindano siku mbili tatu, ninakufa. Watu wote banajua, ndiyo maana banaogopa. Wewe, mwili yako inatengeneza, lakini haiitumii muzuri, na sukari inabaki ndani ya damu. Inakaa pole, haipigi hodi. Unasema niko salama. Miaka inapita." Akavua kandambili, akainua unyayo wake mbele ya soko zima. Ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga. "Miaka kumi na ine na namba moja. Kila jioni ninaweka kioo chini, ninaangalia miguu. Sasa tuwekee yako hapa karibu, tuone grade."

Miguu miwili ikakaa pamoja juu ya turubai. Kezironi aliitazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alihisi kitu, ingawa si mguuni.

"Na namba tatu ipo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Iko ile ya wamama ya mimba," Yvette alisema. "Hiyo utaponea."

Walimpakia kwenye gari la chumvi, wakapitia nyumbani abadili viatu.

Kasese kulikuwa na jua kali. Kliniki ilikuwa ileile, lakini kijana yule alikuwa amehamia kwingine, na kiti chake alikikalia nesi Musimenta, mwanamke mnene aliyekuwa amehudumu jeshini miaka kumi na miwili na hakuwa amepumzika tangu hapo.

"Kaa! Toa mguu! Kiatu hiki ndicho ulikuja nacho?"

"Ndicho cha kanisani, musawo," alisema, kwa neno la heshima la kumwita daktari au nesi. " Nilikivaa kwa heshima yenu."

Musimenta aliingiza mkono ndani ya kiatu, akautoa haraka, akajilamba kidole. Akaingiza koleo. Alichotoa alikiweka juu ya meza ili kila mtu akione: msumari wa fundi viatu, urefu wa ukucha, umepinda kidogo kwa kuzoea kukanyagwa.

"Ulivaa kiatu hiki lini mara ya mwisho kabla ya leo?"

"Jumapili," alijibu Bulandina. "Na Jumapili nyingine zote, tangu Pasaka."

Majuma sita. Majuma sita Kezironi alikuwa amekwenda kanisani akisimama juu ya msumari, akipiga magoti na kuinuka juu ya msumari, akimshukuru Mungu kwa kumwondolea maumivu ya miguu. Alikumbuka Jumapili moja alipocheza wakati wa matoleo. Bulandina naye alikumbuka, akaangalia ukutani.

Musimenta alimtoboa kidole cha mkono, akaangalia kile kipimo kidogo, akatikisa kichwa.

"Ishirini na moja. Mzee, unajua mtu mwenye afya asubuhi kabla ya kula hafiki hata saba? Dawa unameza?"

"Ziliisha."

"Lini?"

Kezironi alikohoa.

"Wewe unauza chumvi," Musimenta alisema, sauti ikishuka kidogo. "Umeona mabati ya Kabatoro?"

"Nimeyaona."

"Yanakaa miaka mingapi?"

"Ah, hayakai, musawo. Chumvi inayala. Mtu anapiga bati jipya, haupiti muda mrefu lina matundu kama chujio. Na huoni likiliwa. Unaona mvua tu imeingia."

"Basi. Sukari ikizidi kwenye damu inafanya hivyo. Inakula mishipa. Inaanza na ile midogo kabisa: ya macho, ya figo, ya miguu. Halafu inaendea moyo. Miguu yako haikupona, mzee. Waya zake zimekatika. Maumivu yalikuwa yanakuita, ukaomba yanyamaze, yakanyamaza."

Kezironi alikuwa akikumbuka novena tatu.

Daktari alikuja mchana, akaubonyeza mguu, akanusa, akaandika. Walimwingiza wodini, sukari ikaanza kushushwa kwa insulini kama ile ya Yvette, kidonda kikaoshwa asubuhi na jioni. Rangi ya bilinganya ilikwenda kidole cha pili, ikasimama, ikafikiri. Bulandina aliichorea mpaka wake kwa kalamu kila siku, kama mtu anayelinda shamba. Kila mtu wodini alijua kinachosubiriwa: ikivuka kifundo, mguu unakatwa chini ya goti. Kitanda cha jirani kulikuwa na mzee aliyekatwa hivyo, na Kezironi alijifunza kuzungumza naye bila kuangalia upande wa miguu.

Pentekoste ilipita wakiwa humo. Kathembo alituma ujumbe kwamba ushuhuda umeahirishwa, ila jina bado liko kwenye orodha.

Siku ya tisa daktari alisimama mbele ya kitanda. Alikuwa na uso wa mtu mwenye habari nzuri ya kiasi.

"Mzee, haikupanda. Mguu tutauacha. Tutaondoa vidole tu."

Kezironi alijiinua kwa viwiko. Akamtazama daktari, akamtazama mkewe na daftari lake.

"Daktari, samahani. Tu ipi? Ya Kiswahili au ya Kiingereza?"

Daktari hakuelewa. Musimenta alielewa, maana Bulandina alikuwa amemsimulia, na kwa mara ya kwanza wodi ile ilimsikia akicheka.

"Zote, mzee. Vidole viwili. Na viwili tu, kama utasikia amri."

"Nitasikia, afande."

Siku ya nne baada ya vidole kuondoka, Musimenta alikuja na pini. Alimwambia afumbe macho. Akamgusa vidole vilivyobaki: hakuna. Akamgusa katikati ya unyayo: hakuna. Akamgusa kisigino.

"Uwii! Mwanamke, unaniua!"

"Vizuri," alisema Musimenta, akaandika. "Kisigino bado kipo kazini. Kilinde."

Kezironi alilala chali, machozi yakimshuka masikioni, akaomba sala fupi ambayo hakuwahi kufikiri ataomba: Bwana, asante kwa hicho kinachouma.

Jumapili tarehe 30 Juni jumuiya ilikutana uani kwa Kezironi. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, kwa kuwa ushuhuda wa uponyaji unaomtoa mtu kitandani una utamu wake, na kwa kuwa ilisemekana kutakuwa na chakula. Chakula kilikuwepo: maharage, mchicha wa dodo, samaki, na bundu vilima vidogo sana, ambavyo baadhi ya wageni walidhani ni vya kuonja kabla ya vile vyenyewe. Chai ilikuja bila sukari na bila chumvi. Martine alikuwa amevuka mto na Yvette, na nesi Musimenta alikuwa ametoka Kasese, ameketi nyuma kabisa kama askari wa zamu.

Kathembo alisimama. "Ndugu zetu, Mzee Kezironi alikuwa na ushuhuda kwamba Mungu amemponya miguu."

"Mwenyekiti, ushuhuda huo nimeuondoa," alisema Kezironi.

Minong'ono ikapita. Aliketi kwenye kiti, akavua kiatu kipya, kipana, kilichoshonwa bila msumari hata mmoja, akavua soksi, akaunyoosha mguu mbele ya jumuiya. Palipokuwa na vidole vitano palikuwa na vitatu na kovu. Mama mmoja alijifunika uso kwa khanga.

"Niliomba maumivu yaondoke," alisema. "Yalipoondoka nikasema nimepona. Nilikuwa na msumari kiatuni, nikamchezea Mungu ngoma juu yake, kanisani mbele yenu, na ninyi mkapiga makofi. Mlikosea kunipigia makofi, lakini nawasamehe, hata mimi nilipiga."

"Sasa maombi hayafai?" aliuliza mtu mmoja kutoka nyuma.

"Yanafaa. Nilikuwa naomba huku nimefumba macho, na kitu cha kutazama kilikuwa chini yangu." Akapumua. "Kesho Mama Martine atakuja kuchukua magunia yake. Nani atakanyaga?"

"Haiko wewe, Papa!" Martine aliita, na watu wakacheka.

"Si mimi. Na Zedekia wa Kabatoro nimemtumia neno la kumwomba radhi. Chumvi yake inauma. Ilikuwa inauma muda wote."

Kathembo, aliyependa mambo yawe na utaratibu, alikohoa. "Mzee, kama huna ushuhuda, una nini basi?"

"Nina ahadi."

Bulandina akafungua daftari, akashika kalamu, tayari kuandika. Kezironi aliuweka mguu wake wenye vidole vitatu juu ya mkeka mdogo, asiuguse udongo, akasimama, akainua mkono wa kulia.

"Mbele ya Mungu, na mbele yenu wote mnaonisikia, na mbele ya afande pale nyuma: naahidi kwamba kila asubuhi mkono wangu utaingia kiatuni kabla ya mguu. Kila jioni Mama Jonan atazisoma nyayo zangu kama anavyosoma daftari lake, nami sitaona haya. Dawa nitazimeza hata siku nitakayojisikia mzima, na siku hiyo zaidi kuliko nyingine. Na mtu yeyote akiniuliza, Kezironi, unaumwa nini, sitasema tena ni taipu tu. Nitasema nina sukari, na nitanyamaza hapo."